Akamkaribia: shajara ya kutafsiri Yuda mbele ya Yusufu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeanza. Daftari jipya, kalamu mbili, na kazi niliyoiahirisha miaka minne: kuwatafsiria wasomaji wa Kiswahili maandiko ya Kiyahudi yanayofafanua sehemu moja ya kitabu cha Mwanzo, pale Yuda anapomwendea Yusufu kumwombea Benyamini, na Yusufu anashindwa kujizuia tena, anajitambulisha kwa ndugu zake. Ni kuanzia sura ya 44, aya ya 18, hadi katikati ya sura ya 45. Kanisani kwetu kisa hiki huhubiriwa kama kisa cha msamaha, tukaimba, tukarudi nyumbani. Wafasiri wa Kiyahudi, hasa wale wa Kabala, mapokeo ya mafumbo ya Kiyahudi, wameona hapo jambo pana zaidi: wafalme wawili, ulimwengu wa juu na wa chini, Masihi wawili, na wote hao wanangoja ndugu mmoja apige hatua kumwendea mwenzake.

Muda ninao hadi Jumamosi tarehe 27 Desemba. Torati husomwa katika masinagogi kwa mafungu ya kila wiki, na siku hiyo litasomwa fungu hili, liitwalo Vayigash kwa neno lake la kwanza. Kijitabu nataka kiwe tayari kabla ya hapo: kurasa 40 hivi, nakala 60 za kutolewa fotokopi. Wasomaji wa kwanza ni kikundi chetu cha kusoma Biblia, pamoja na majirani Waislamu watakaokitaka, kwa maana Yusufu ni wetu sote.

Vayigash ni "akakaribia". Biblia yetu imeandika "akamkaribia". Nimeliandika neno hilo kwa penseli juu ya ukurasa wa kwanza na kuweka alama ya kuuliza. Naliona dogo mno kwa mzigo litakaoubeba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo ni hotuba ya Yuda peke yake, aya 17. Katika Kiebrania nimehesabu neno "baba", nikapata mara 14. Katika rasimu yangu limebaki mara 9. Kiswahili kimeniruhusu kumficha Yakobo ndani ya viambishi: "alimpenda", "atakufa", "tukamwambia". Sarufi ni safi kabisa, lakini Yuda hakutaka baba yake afichwe. Alimtaja na kumtaja tena mbele ya mtu ambaye, bila yeye Yuda kujua, baba huyo alikuwa wake pia. Nimerudi mwanzo na kumrejesha mzee mara zote 14, hata pale sentensi inapolemewa.

Tena isisahaulike ni Yuda yupi anayesema. Katika sura ya 37 ndiye aliyewauliza wenzake itawafaa nini kumwua ndugu yao, bora wamuuze. Vipande 20 vya fedha. Yusufu alikuwa na miaka 17. Sasa, baada ya miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa, ana 39. Miaka 22 imepita, na yule aliyemuuza mwana mmoja wa Raheli anajitoa awe mtumwa badala ya mwana wa pili.

Neno analolishika ni la biashara. Kwa baba yake aliahidi kuwa "arev", mdhamini. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi wa kale, imelichukua neno hilohilo kusema kwamba Israeli wote ni wadhamini wao kwa wao. Hapa sikuhangaika. Kila mtu aliyewahi kumwekea mwenzake saini ya mkopo anajua mdhamini ni nani: ndiye atakayefuatwa mlangoni.

Jumapili, 19 Oktoba

Wiki nzima nimekuwa ndani ya Midrashi, mafafanuzi ya kale ya marabi, ile inayofafanua Mwanzo, Bereshit Raba, mlango wa 93. Kuna mabishano ya wanazuoni juu ya neno langu. Rabi Yuda anasema kukaribia huku ni kwa vita. Rabi Nehemia anasema ni kwa upatanisho. Wengine wanasema ni kwa sala. Rabi Eleazari anayakusanya yote matatu: nimekuja, ikiwa ni vita, ikiwa ni suluhu, ikiwa ni sala. Kila mmoja ana aya ya Maandiko ambamo kitenzi hicho kimetumika hivyo. Kwa hiyo ninatafuta kitenzi cha Kiswahili ambacho mtu anaweza kukitumia akiwa na upanga, akiwa na zawadi, au akiwa amepiga magoti.

Halafu mfano wa kisima, ambao nimeutafsiri mara tatu kwa kuupenda tu. Kilikuwako kisima kirefu, maji yake baridi na matamu, lakini hakuna aliyeweza kuyafikia. Akaja mtu mmoja, akafunga kamba kwa kamba, uzi kwa uzi, akateka akanywa. Ndipo kila mtu akaanza kuteka na kunywa. Hivyo ndivyo Yuda alivyofanya, neno juu ya neno, hadi akaufikia moyo wa Yusufu. Midrashi imeutegemeza mfano huu kwenye Mithali 20:5, kuhusu mashauri ya moyoni yaliyo kama maji ya kilindi. Aliyekulia mahali ambapo ndoo ya kisima huanguka na kamba kukatika hahitaji tanbihi. Naona tu kwamba kisima katika mfano huu hakilaumiwi. Yusufu hakuwa mkatili. Alikuwa na kina, na kamba zote zilizotangulia zilikuwa fupi.

Mahali pengine Midrashi inawaita wawili hawa wafalme, kwa Zaburi ya 48: tazama, wafalme walikusanyika. Ndugu wengine wakajitenga kando, wakasema wafalme wanashindana, sisi yatuhusu nini? Nilipofika hapo nilimsikia marehemu bibi yangu: wagombanapo ndugu, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Nimeiweka methali hiyo pembeni mwa ukurasa, kwa mwandiko mdogo.

Kipande cha mwisho cha wiki kiko mlango wa 85, na nakiweka mwanzoni mwa kijitabu. Sura ya 37 inamalizika Yusufu akiuzwa, na ya 38 inamfuata Yuda na Tamari. Kwa nini kisa kikatwe hivyo? Wanazuoni wanajibu kwamba ndugu walikuwa wameshughulika na kuuzwa kwa Yusufu, Yusufu alikuwa katika gunia lake na mfungo wake, Rubeni katika lake, Yakobo katika lake, Yuda alikuwa akitafuta mke. Naye Mtakatifu, asifiwe, alikuwa akiiumba nuru ya Mfalme Masihi. Kutoka kwa Tamari alizaliwa Peresi, na kutoka kwa Peresi, baada ya vizazi, Daudi. Nilisoma haya saa tano usiku nikafunga daftari, sikuweza kuendelea.

Jumapili, 2 Novemba

Zohar, kitabu kikuu cha Kabala. Nimekwenda polepole, kurasa mbili kwa wiki mbili. Kiaramu changu ni cha kamusi, kwa hiyo nimeweka kando ufafanuzi wa Kiebrania wa Yehuda Ashlag uitwao Ngazi. Kitabu chenyewe kilijitokeza Kastilia, Hispania, mwishoni mwa karne ya 13, mikononi mwa Moses de León aliyefariki mwaka 1305, ingawa chenyewe hujinasibisha na Rabi Shimon bar Yohai wa karne ya 2. Kilichapwa kwa mara ya kwanza huko Mantua, Italia, kati ya 1558 na 1560.

Juu ya neno langu, Zohar inasema kwa kifupi: huku ni kukaribiana kwa ulimwengu na ulimwengu, ili waungane, ili yote yawe kitu kimoja, kwa kuwa Yuda ni mfalme na Yusufu ni mfalme, wakakaribiana na kuungana.

Ili msomaji aelewe, lazima nimweleze sefiroti, zile njia 10 ambazo kwazo Mungu asiye na mwisho hujidhihirisha na kuutunza uumbaji. Ya 9 ni Yesod, Msingi, na mwenye nayo ni Yusufu, mwenye haki aliyejizuia katika nyumba ya Potifa. Baraka zote za juu hupita hapo kama maji mferejini. Ya 10 ni Malkhut, Ufalme, na hiyo ni ya Yuda na Daudi. Malkhut haina kitu chake yenyewe. Huitwa bahari, kwa kuwa hupokea mito, na huitwa mwezi, kwa kuwa nuru yake ni ya kupokea. Ndiyo pia Shekina, ukaaji wa Mungu pamoja na watu wake uhamishoni.

Sasa rudi Misri. Yusufu ana ghala zimejaa nafaka, na Yuda amekuja na gunia tupu. Wale wa Kabala hawakulazimika kutia chochote katika kisa hiki. Mwenye kujaa amejificha nyuma ya mkalimani na cheo, anatoka nje kulia, ananawa uso, anarudi. Mwenye kupungukiwa anasimama mbele yake wala hamjui. Wakibaki hivyo, mfereji umejaa na bahari inakauka. Mimi siku zote nilidhani mwenye shida katika chumba kile ni Yuda peke yake. Zohar imenifanya nimwone Yusufu naye kama mtu anayesongwa na utajiri asioweza kuutoa mpaka aombwe na ndugu.

Matatizo ya lugha yamekuwa mawili. "Walimwengu" ni watu na "malimwengu" ni mambo ya dunia na vituko vyake, kwa hiyo wingi wa ulimwengu nimeukwepa: "ulimwengu kwa ulimwengu", basi. Na "muungano" Tanzania ni neno la tarehe 26 Aprili. Nikiliandika, msomaji ataona bendera. Nimetumia kitenzi, "kuungana", kila mahali.

Nyongeza ndogo ambayo nadhani vijana wa kikundi wataipenda. Talmudi, katika kitabu chake kimoja kiitwacho Sota, inalinganisha majina ya Yusufu na Yuda. Yusufu alilitukuza Jina la Mungu faraghani, mbele ya mke wa Potifa, bila shahidi. Akaongezewa herufi moja ya Jina hilo, na Zaburi ya 81 inamwita Yehosef. Yuda alilitukuza hadharani, alipokiri juu ya Tamari kwamba "ana haki kuliko mimi". Jina lake zima limebeba herufi zote nne za Jina, pamoja na moja ya ziada, daleti. Daleti husomwa pia "dal", maskini. Mfalme ana Jina zima la Mungu ndani ya jina lake, na katikati yake kuna umaskini.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimpelekea rasimu jirani yangu, mzee mtunzi wa mashairi, aliyezaliwa pwani. Kwake Yusufu ni Nabii Yusuf wa sura ya 12, aya 111, na anazijua kwa moyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete huyo Yuda wako."

Alisoma kimya, miwani ikishuka puani. Alisema katika Kurani huyu hana jina. Yupo mkubwa wao anayekataa kuondoka Misri mpaka baba yake ampe idhini, kwa sababu ya ahadi waliyomwekea mbele ya Mungu. Nikafungua aya ya 80, ni kweli. Ahadi kwa baba iko palepale, katika vitabu vyote viwili.

Kisha tukaja kwenye kitenzi. Nilikuwa nimejaribu "akamsogelea", akatikisa kichwa: "Sogea hata konda wa basi anakwambia sogea, na mara nyingine ana maana ondoka." Nikampa "akamjongelea". Hilo alilipenda, ni la pwani na la kale, nami nilikuwa na sababu zangu, kwa kuwa kanisani tunajongea meza ya Bwana. Lakini akauliza: "Askari naye hujongea?" Tukapima "akamkabili". Hilo lina vita, halina upatanisho. "Akamwendea" lina vyote, ila mtu huweza kumwendea mwenzake asimfikie.

Nimerudi na ukurasa uliojaa maneno yaliyofutwa.

Jumatatu, 17 Novemba

Wiki mbaya. Umeme, kisha kompyuta, kisha homa ya mtoto. Nimeandika aya nne tu, zote za Sefat Emet.

Huyo ni Yehudah Aryeh Leib Alter, mwalimu wa Wahasidi, Wayahudi wa vuguvugu la uchaji, wa Ger huko Poland, 1847 hadi 1905. Anasema jambo ambalo nililihisi tangu tarehe 10 Oktoba bila kuwa na maneno yake: Yuda hakuleta neno jipya katika hotuba yake, wala hakuwa na dai lenye nguvu la kumjia nalo Yusufu, lakini alipolieleza jambo kwa ukweli wake, wokovu ukaja. Na pale palipoandikwa "elav", "kwake", anasoma mara tatu: alimkaribia Yusufu, alijikaribia mwenyewe, alimkaribia Mungu.

Kiswahili hapa kimenisaidia na kunitesa kwa pamoja. Kiambishi -m- kinambeba Yusufu na Mungu sawasawa, hakuna haja ya kuchagua. Lakini nafsi yake mwenyewe inadai -ji-. Akamkaribia, akajikaribia. Nilitaka umbo moja lishike watatu, kama Kiebrania, na halipo. Nimeandika mistari miwili chini kwa chini, tofauti ikiwa herufi chache tu katikati ya neno. Nikiisoma kwa sauti, nadhani inasikika.

Jumanne, 25 Novemba

Sasa wokovu wenyewe. Pamoja na fungu hili sinagogi husoma Ezekieli 37, kuanzia aya ya 15: nabii anaambiwa atwae mti mmoja aandike jina la Yuda, na mwingine aandike la Yusufu, avishike vipande hivyo viwe kimoja mkononi mwake. Israeli waliogawanyika baada ya Sulemani, kaskazini chini ya Efraimu mwana wa Yusufu na kusini chini ya Yuda, watakuwa taifa moja, na mfalme wao Daudi.

Kutoka kwenye mgawanyiko huo mapokeo yanazungumzia Masihi wawili. Talmudi, Suka 52a, inamtaja Masihi mwana wa Yusufu, atakayeuawa, na kilio cha Zekaria 12 kuwa ni kilio juu yake. Na Masihi mwana wa Daudi, anayeona hayo na kumwomba Mungu uhai tu. Wa kwanza anatengeneza njia, anapigana, anajenga. Wa pili anatawala kwa amani. Mimi ni Mkristo, nina imani yangu juu ya Masihi, na kijitabu hiki nakiandika ili msomaji awasikie Wayahudi wakisema yao. Nimeliweka hilo wazi ukurasa wa 2, kisha nikakaa kando.

Kisa ambacho kinaniuma kuliko vyote kiko Sanhedrini 102a. Yeroboamu, Mwefraimu aliyeurarua ufalme, anashikwa na Mtakatifu vazi lake na kuambiwa: rudi, nami na wewe na mwana wa Yese tutatembea pamoja katika bustani ya Edeni. Anauliza: nani atakuwa mbele? Anaambiwa: mwana wa Yese mbele. Anajibu: kama ni hivyo, sitaki.

Nimeiacha bila ufafanuzi. Nani kati yetu hajakaa kwenye kikao cha mirathi akaona mti, kisima na makaburi ya wazee vikipotea kwa sababu ya swali hilohilo, nani mbele? Ndiyo maana Yuda mbele ya Yusufu ni muhimu namna hii kwa wafasiri hawa. Yuda, ambaye mwisho ufalme ni wake, anatangulia kujitoa awe mtumwa wa Yusufu, na Yusufu, aliye kama Farao, anawafukuza watumishi wake na kushuka kutoka cheoni ili alie. Isaya 11:13 inaahidi hali hiyo kwa mataifa mazima: Efraimu hatamhusudu Yuda, wala Yuda hatamwudhi Efraimu.

Jumatano, 3 Desemba

Safed, Galilaya, karne ya 16. Isaac Luria, mwalimu wa Kabala, alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534 na kufa kwa tauni mwaka 1572, akiwa na miaka 38. Alifundisha Safed kwa muda mfupi sana, na mengi tunayo kwa mkono wa mwanafunzi wake Hayyim Vital. Aliwaagiza kwamba katika sala ya kila siku, wafikapo kwenye maneno ya kiti cha enzi cha Daudi, waweke nia ya kumwombea Masihi mwana wa Yusufu asife. Alipokufa, Vital na wenzake walielewa kwamba huenda walikuwa wakimwombea mwalimu wao bila kujua.

Hadithi za Safed zinaongeza kwamba alikuwa amewaonya wapendane, kwani pana hukumu inayokaribia; kisha ugomvi uliozuka nyumbani kati ya wake zao ukahamia kwa waume, na mlango ukafunguka. Ni hadithi, nami nimeandika kuwa ni hadithi. Agizo lake la kila asubuhi, kwamba mtu kabla ya kusali ajitwike amri ya kumpenda mwenzake kama nafsi yake, hilo limeandikwa na wanafunzi na bado linasemwa masinagogini. Nimetambua kwa nini lilikuwa kabla ya sala. Kwa mafundisho yake, Yusufu na Yuda hawaungani huko juu ikiwa hapa chini ndugu wawili kwenye benchi moja hawasemezani.

Jumanne, 9 Desemba

Nimeongeza nusu ukurasa ambao sikuupanga. Mafundisho haya yamewahi kuwaumiza watu. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi alitangazwa kuwa Masihi, jumuiya nyingi za Ulaya na Mashariki ya Kati zikajiandaa kwa safari ya kurudi, na Septemba 1666, mbele ya utawala wa Sultani, akabadili dini. Msomaji anayepewa utamu wa Kabala apewe na huzuni hii. Upande wa pili nimemweka Rabi Abraham Isaac Kook, aliyefika Jaffa mwaka 1904 na, Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, alipofariki mwaka huo, akazungumza juu ya nguvu mbili za taifa, ya mwili na ya roho, ya Yusufu na ya Daudi, zilizotengana na kuumizana. Mpaka leo watu wanabishana juu ya alichokisema. Nimetoa hoja yake na kusonga mbele. Kijitabu changu si mahali pa ubishi huo.

Jumapili, 14 Desemba

Mama amesoma rasimu yote leo, mguu juu ya kiti, akiuliza neno hapa na pale. Mwisho akasema: "Mwanangu, na huyu Benyamini? Wanamgombania wote, yeye hasemi kitu?"

Nikaenda kutazama. Ni kweli, katika Mwanzo yote Benyamini hana hata neno moja.

Lakini Talmudi, Sota 36b, imempa sauti kwa njia isiyotarajiwa. Mwanzo 46:21 inaorodhesha wanawe 10, orodha ambayo siku zote naipita mbio. Wanazuoni wanasema kila mmoja alipewa jina kwa ajili ya ndugu aliyepotea. Bela, kwa kuwa alimezwa kati ya mataifa. Bekeri, kwa kuwa alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mama yake. Ashbeli, kwa kuwa Mungu alimpeleka utumwani. Gera, kwa kuwa alikaa ugenini. Naamani, kwa kuwa alikuwa mpole wa kupendeza. Ehi, ndugu yangu. Roshi, kichwa changu. Mupimu na Hupimu, kwa kuwa hakuiona arusi yangu wala mimi sikuiona yake. Ardi, kwa kuwa alishuka kwa mataifa. Kila alipowaita watoto wake waje kula, alikuwa anasimulia.

Nimesoma orodha hiyo kwa sauti, na Mama akasema pole, kana kwamba msiba ulikuwa wa jana na wa nyumba ya jirani. Ukurasa huu unaingia kijitabuni mzima, hata kama nitalazimika kutoa kitu kingine.

Jumatatu, 22 Desemba

Neno limepatikana, na lilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nikihakiki kipande cha Zohar, nikaangalia tena neno la Kiaramu nililolitafsiri "kukaribiana". Mzizi wake ni k-r-b. Ni mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "karibu". Nikafuata mzizi huo katika Kiebrania: "karov" ni aliye karibu, jamaa, "korban" ni sadaka inayoletwa madhabahuni, "krav" ni vita. Vita, upatanisho, sala: mabishano yote ya marabi watatu yamelala ndani ya neno tunalomwambia mgeni kila siku mlangoni. Waliotafsiri Biblia yetu huenda hawakuwa na habari ya Zohar, lakini waliandika "akamkaribia", nami nimezunguka miezi miwili na nusu kurudi hapohapo.

Nilimpigia simu mzee. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi Yuda alibisha hodi, Yusufu akasema karibu." Nimemwomba ruhusa niiweke sentensi hiyo ukurasa wa 19. Amekubali, bila jina lake.

Nimefuta alama ya kuuliza kwa kifutio.

Jumamosi, 27 Desemba

Nakala 60 zimetoka jana jioni, kurasa 44. Leo tumekutana watu 17, tukasoma kwa zamu. Hotuba ya Yuda aliisoma kijana wa miaka 20 hivi, na kufikia "baba" ya 10 au ya 11 sauti yake ilianza kubadilika, hakuna aliyekohoa. Tulipofika "Mimi ni Yusufu" tuliacha kusoma kwa muda. Nikawasimulia mfano unaotajwa kwa jina la Rabi Yisrael Meir Kagan, aitwaye pia Chafetz Chaim: kwamba ndugu walikuwa na maswali miaka mingi, kwa nini mtu huyu anatusumbua, kwa nini fedha zimerudi kwenye magunia, na maneno hayo machache yakajibu yote, vivyo hivyo siku ya ukombozi Mungu atasema "Mimi ni Mungu" na historia nzima itaeleweka. Mama mmoja akasema yeye angependa kuuliza kidogo kwanza. Tukamwachia nafasi, akauliza, nasi tukakaa naye katika maswali yake hadi chai.

Jumanne, 30 Desemba

Leo ni tarehe 10 ya mwezi wa Teveti, Wayahudi wamefunga kukumbuka siku Nebukadreza alipouzingira Yerusalemu. Mwaka huu imeangukia siku tatu baada ya Vayigash, na imenirudisha kwenye aya ambayo niliitafsiri kwa haraka.

Mwanzo 45:14: Yusufu akaanguka shingoni mwa Benyamini akalia. Kiebrania kimeandika shingo kwa wingi. Talmudi, Megila 16b, inauliza waziwazi: Benyamini alikuwa na shingo ngapi? Na inajibu kwamba Yusufu alililia mahekalu mawili yatakayosimama katika eneo la Benyamini na kubomolewa. Naye Benyamini akalilia hema la Shilo, litakalosimama katika eneo la Yusufu na kubomolewa. Wamekutana baada ya miaka 22, na kila mmoja analilia nyumba ya mwenzake.

Katika nakala 60 imeandikwa "shingo ya Benyamini". Shingo ni neno lisilobadilika katika wingi, kwa hiyo hakuna aliyeona, hata mimi. Jioni hii nimekaa na kalamu nyeusi, nakala 43 zilizobaki zikiwa mezani, na katika kila moja, ukurasa wa 31, mstari wa sita, nageuza "ya" kuwa "za". Nimefika ya 26.